Chafya Kwenye Glasi ya Tatu

"Msimeze kwanza. Tafuneni!" akaamuru mwenyeji wetu.

Ndiyo, wiski hutafunwa. Tulikuwa Marekani, kwenye kiwanda cha wiski ya rai, nafaka ya jamii ya ngano, tumepangwa mezani kama watahiniwa. Hata kunusa kuna adabu yake: ukitumbukiza pua ndani ya glasi, kileo kinakuunguza na husikii kitu tena. Unaacha mdomo wazi kidogo, unavuta taratibu, na hapo karafuu, mnanaa na pilipili manga vinaanza kujitokeza. Vanila ni ya pipa, kwa kuwa sheria yao inadai mwaloni mpya uliounguzwa ndani, na rai isipungue asilimia 51 ya nafaka.

Haya yote nilielezwa na jirani yangu wa kulia, bingwa wa kujiteua, ambaye pia alinipa historia nzima ya George Washington na kiwanda chake cha Mount Vernon, kilichotoa karibu galoni 11,000 za wiski mwaka 1799. Alikuwa akizungumza huku amefumba macho. Wajuzi, nadhani, hawahitaji kuona.

Glasi ya tatu ilitoka moja kwa moja kwenye pipa, haijazimuliwa, kileo zaidi ya asilimia 60. Nikatafuna kama nilivyoagizwa, shavu hili, shavu lile. Jino langu la mbele ni la bandia. Daktari aliniapia kwamba litanizika. Likalegea. Papo hapo pilipili ikapanda puani.

Chafya!

Wiski niliidaka kwa kiganja. Jino likapenya kati ya vidole na kutua, chubwi, kwenye glasi ya bingwa.

Akaiinua, macho bado yamefumba. Akanusa. Akaonja.

"Mmh. Hii ina kitu kipya. Chokaa."

"Kweli kabisa!" akadakia mama mmoja upande wa pili, akionja yake. "Chokaa ipo, inakuja mwishoni."

Mwenyeji akaandika.

"Thamahani, bwana," nikaanza, "hiyo gilathi yako..."

"Pole, ndugu. Wiski imeshakushika ulimi. Kunywa maji."

Akaimalizia yote. Kitu kikagonga kioo, kling! Kwa mara ya kwanza jioni ile akafumbua macho, akachungulia, akaghadhibika.

"Nani kaniharibia wiski kwa barafu?"