Duka la Lamu: Ujaze Stoo au Uagize Kidogo Kidogo?

Gunia la mchele likishalipiwa Mombasa, gharama ndiyo kwanza zinaanza. Lori hulileta kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe. Hapo hushushwa, likapakiwa botini, likashushwa tena gatini Lamu, kisha punda au mkokoteni hulifikisha dukani. Kila anayelishika anadai chake. Kwa hiyo mwenye duka anayejisifia bei ya jumla aliyoipata Mombasa hajaniambia kitu bado. Nataka kujua gunia limemgharimu kiasi gani likiwa mlangoni pake.

Kwa hesabu hiyo, wanaopenda mzigo mkubwa wana hoja. Nauli ya lori zima ikigawanywa kwa magunia mengi, kila gunia hubeba kidogo. Tena njia yenyewe haina dhamana: mwishoni mwa 2023 mafuriko yaliikata barabara ya Garsen kuja Lamu, na aliyekuwa na akiba ndiye aliyeendelea kuuza.

Lakini pesa iliyolala stoo haizunguki. Na stoo za kisiwani, kwa unyevu huu wa bahari, haziwi rafiki wa unga wala sukari (panya siwataji). Zaidi ya hayo, tangu barabara ya Garsen iwekwe lami, mzigo hauchukui muda ule wa zamani. Wengine bado wanalimbikiza kwa hofu ya barabara ambayo haipo tena.

Mimi naona kosa ni kuagiza kila kitu kwa mtindo mmoja. Sabuni na chumvi zijazwe. Vitunguu na viazi vije kidogo kidogo. Mchele upigiwe hesabu. Tuseme duka linauza magunia 3 kwa siku, na mzigo huchukua siku 4 tangu kuagizwa: hayo ni 12. Ukingoja yabaki 12 ndipo upige simu, lori likikwama siku moja tu umefunga biashara. Ongeza akiba ya siku 5, yaani 15, uagize yanapobaki 27. Ramadhani au Maulidi ikikaribia, hesabu ifanywe upya, maana mauzo hayabaki 3.

Wenye maduka madogo wanaweza pia kuchanga lori moja, wakapata nauli nafuu bila kujaza stoo. Ugomvi huzuka mzigo unapovuka maji. Kabla lori halijaondoka Mombasa, iandikwe kabisa: gunia likilowa kati ya Mokowe na Lamu, hasara ni ya nani.