Kuuliza kwa maneno ya kawaida ni sawa, lakini tuonyesheni msimbo ulioandikwa

Makala niliyoisoma inasema sasa mtu yeyote anaweza kuiuliza kanzidata (hifadhi ya data iliyopangwa kwenye kompyuta) kwa maneno ya kawaida, na kwamba kujifunza SQL, lugha ya kuiandikia kanzidata maswali, hakuna maana tena. La kwanza nalikubali, la pili hapana.

Wazo lenyewe si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mfumo wa LUNAR ulikuwa ukijibu maswali ya Kiingereza kuhusu sampuli za mawe ya mwezini. Hata SQL, iliyoanzia kampuni ya kompyuta ya IBM ikiitwa SEQUEL, ilikusudiwa ieleweke na wasio waprogramu.

Juzi niliuuliza mfumo mmoja wa aina hii: "Wateja wangapi wamenunua mwaka huu?" Jibu likaja papo hapo, kwa sentensi safi kabisa. Nikafungua msimbo wake, yaani SQL ambayo mfumo uliiandika ili kupata jibu. Ulikuwa umeunganisha jedwali la wateja na la oda, kisha ukahesabu mistari, kwa hiyo mteja mwenye oda tano amehesabiwa mara tano! Lilikosekana neno moja tu, DISTINCT, linaloagiza kila mteja ahesabiwe mara moja. Asiyejua SQL angeipeleka namba ile kwenye kikao bila wasiwasi wowote.

Na Kiswahili chetu nacho kina yake. "Hawakununua" na "hawajanunua" si kitu kimoja, na mashine ikichanganya hayo mawili, orodha inayotoka ni nyingine kabisa.

Ndiyo maana nawaomba watengenezaji waonyeshe msimbo kando ya jibu kila mara, na akaunti ambayo mfumo unaitumia kuingia kwenye kanzidata iwe ya kusoma tu, isiweze kufuta chochote.