Ukiandika "empirically", tuonyeshe kilichotazamwa

Kielezi cha Kiingereza "empirically" kimegeuka pambo la ripoti na tasnifu. Wengi hukiweka wakitaka kusema "kisayansi" au "bila shaka yoyote", na hapo wanakikosea. Kinasema jambo limejulikana kwa kutazamwa, kupimwa au kujaribiwa, wala si kwa kukokotolewa kutoka kwenye nadharia.

Mwaka 1747 James Lind, tabibu wa meli ya kivita ya Uingereza, aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye katika jozi sita. Chakula kilikuwa kimoja, tiba tofauti. Jozi iliyopewa machungwa mawili na limau moja kila siku ilipata nafuu upesi kuliko zote, japo matunda yaliisha baada ya siku sita. Vitamini C, ambayo upungufu wake ndio huleta kiseyeye, ilikuja kutambuliwa katika miaka ya 1930, na maelezo ya Lind mwenyewe kuhusu chanzo cha ugonjwa hayakuwa sahihi. Alichokiona hakikuanguka na nadharia yake. Tunajua nani walitazamwa, walikuwa wangapi na walilinganishwa na nani. Ripoti isiyotaja hayo haina haki ya kielezi hiki.

Hospitalini maana hubana zaidi, na hapa wafasiri huteleza vibaya. Mgonjwa anayeshukiwa kuwa na maambukizi makali hutolewa damu ya kuoteshwa maabara, kisha huanzishiwa mara moja antibiotiki inayolenga bakteria wanaotarajiwa zaidi. Majibu huchukua siku mbili au tatu, na yakifika dawa huweza kubadilishwa. Dawa hiyo ya mwanzo ndiyo iliyotolewa "empirically". Kuandika kwamba mgonjwa alipewa "dawa iliyothibitishwa" ni kupotosha: kimelea chenyewe bado hakijajulikana, na daktari ameegemea yaliyoonekana kwa wagonjwa waliotangulia.

Katika hisabati kielezi hiki ni onyo. Dai la mwanahisabati George Pólya la mwaka 1919, kuhusu vigawo tasa vya namba, lilikubali kila lilipojaribiwa. Mwaka 1958 lilithibitishwa kuwa si kweli. Namba ndogo kabisa inayolivunja ni 906,150,257.

Unapohariri, kiulize kila "empirically": nani alitazama nini? Jibu lisipokuwepo, kifute. Matokeo ya modeli ya kompyuta nayo hayastahili kielezi hiki mpaka yalinganishwe na vipimo halisi.