Likizo ya Kulipia Kibarua

Mimi mtoto wa Tanga, na babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Kwa hiyo Mama Salma aliponiambia mwaka huu likizo tunakwenda kusafiri kwa chombo, sikuuliza swali la pili. Nikaona kisiwa, nikaona kusi inajaza tanga, nikaona changu wa kuchoma. Kumbe chombo chenyewe ni bomba la chuma lenye madirisha, na bahari yenyewe ni mfereji wa Shropshire, maji ukisimama katikati hayakufiki kifuani.

Wenzangu wa Birmingham mnaijua hii mifereji. Mji wetu unajitapa kwamba una mifereji mingi kuliko Venice, nami miaka yote napita kando yake nikiwahi zamu, sijawahi kuona cha kutamani zaidi ya bata na gurudumu la baiskeli. Ndiyo hiyo watu wanailipia! Kwa pesa tuliyotoa kukodi mashua pale Ellesmere, mtu ungepanda ndege mpaka Dar es Salaam na ya mishikaki ikabaki.

Halafu oneni nchi hii ilivyo. Kigari changu kidogo, ili niruhusiwe kukiendesha, nilitahiniwa kwa maandishi, nikatahiniwa barabarani na mzee asiyetabasamu. Lakini chuma kinachokaribia urefu wa mita 20, uzito wa tani zaidi ya kumi, hukiombei leseni. Kijana alitufundisha kwa muda wa kunywa chai: hii mashine, hili pondo la kujisukumia mkipwelewa, hii kana, mpini wa usukani, ukitaka kwenda kulia isukume kushoto. Akaruka nchi kavu, akapunga mkono. Shemeji yangu wa Leicester, aliyejialika mwenyewe, akaniuliza, "Sasa breki iko wapi?" Haipo.

Upana wa mashua ni mita 2 na vidole, kwa sababu wachimbaji wa karne ya 18 walibana matumizi na milango ya maji wakaijenga hivyohivyo. Shemeji naye ni mtu wa kiwiliwili. Akikutana na Mama Salma jikoni, mmoja lazima arudi kinyumenyume mpaka tezi, nyuma kabisa ya chombo, kama malori mawili kwenye daraja la mbao. Mimi nikapewa kitanda cha nyuma. Tangi la choo liko wapi? Chini ya godoro langu. Kila aliyeamka usiku nilimjua, na shida yake niliijua.

Tuje kwenye mwendo. Sheria inasema mwisho maili 4 kwa saa, kilomita 6 na kitu, na sisi hata hizo tulizisikia tu. Bibi mmoja mwenye mkongojo na kijibwa alitupita kwenye njia ya kando, akatusalimia, akaenda zake dukani, akarudi na maziwa, akatusalimia tena. Na bado sheria inataka ukipita mashua zilizofungwa upunguze zaidi, kwa sababu mawimbi yako yanazitikisa. Upunguze kutoka wapi? Mzee mmoja alichomoza kichwa na kikombe cha chai mkononi, akaniwakia, "Punguza mwendo!" Nikageuka nyuma kumtafuta anayeambiwa.

Lakini kilichonikaa kooni ni hizo loki. Loki ni chumba cha maji chenye milango huku na huku. Mashua inaingia, mlango unafungwa, unazungusha hendeli ya chuma kufungulia maji, chumba kinajaa, mashua inapanda, ndipo unasukuma boriti la mlango kwa makalio. Kwa makalio! Pale New Marton ziko mbili. Mama Salma kashika kana, kavaa miwani ya jua, ananiambia, "Baba Salma, shuka ukafungue." Ukingoni wamesimama watu na aiskrimu wanatazama, hakuna hata mmoja aliyeweka chini aiskrimu yake.

Nikawa nazungusha na kuwaza. Mifereji hii haikuchimbwa kwa starehe ya mtu. Mwaka 1761 bwana mkubwa mmoja, Duke wa Bridgewater, alifungua wake kuleta makaa ya mawe Manchester kutoka machimbo yake ya Worsley, bei ya makaa ikaporomoka mjini, na kila tajiri naye akataka mfereji. Farasi alivuta, na baadaye familia nzima zikahamia kwenye vijichumba vya tezi. Kwenye mahandaki yasiyo na njia ya farasi, wanaume walilala chali wakatembeza miguu ukutani kusogeza mzigo. Kazi ya punda, sawa, lakini ilikuwa na ujira. Reli zikaja zikaila ile biashara. Sasa kibarua kilekile tunakifanya sisi, na tunaolipa ni sisi!

Reli yenyewe haina haya. Pale Chirk, daraja linalobeba mfereji limesimama tangu 1801, na ubavuni mwake wakajenga la treni, refu kulipita. Kwa hiyo unatambaa juu ya maji, na abiria wa treni anakutazama toka juu, akitafuna sandwichi.

Basi tukafika Pontcysyllte, jina ambalo Wales wamelipa konsonanti zote zilizobaki stoo. Ni mfereji uliowekwa angani. Wahandisi Telford na Jessop waliumaliza 1805: karai la chuma lenye urefu wa mita 307, juu ya nguzo, na mto Dee uko chini mita 38. Upande mmoja pana njia ya miguu na vyuma vya kushikilia. Upande wa pili hapana kitu. Ukingo wa karai, basi, halafu Wales. Na inasimuliwa kwamba maungio ya chuma walizibia flana iliyochovywa kwenye sukari ya kuchemsha. Yaani roho yangu imeshikwa na kashata! Shemeji akaanza Ayatul Kursi. Salma akavua visikilizio vyake, akasema, "Baba, daraja halijui hata kama tupo. Mashua inasukuma pembeni maji yenye uzito wake." Asante, mwanangu. Mimi najua kwamba nipo.

Haya, siwezi kukataa kila kitu. Jirani yangu wa mtaani hajawahi kuitikia salamu, lakini huku kila mwenye mashua anakusalimia, anakuuliza unatoka wapi na mvua imekukuta wapi. Simu inapoteza mtandao na hakuna anayekufa. Jioni tulipigilia vigingi vyetu karibu na Llangollen, milima imetuzunguka, kondoo wamejaa, nikajimiminia chai ya tangawizi. Ndipo mashua moja ya vijana ikapita mbio, chombo chetu kikayumba, chai ikaniishia mapajani. Nilitoka na kikoi changu na hendeli mkononi.

"Punguzeni mwendo!"

Mama Salma akauliza toka ndani kuna nini.

"Hawa watu wa kukodi," nikamwambia. "Hawajui chombo."