Usiulize Bei ya Printa, Uliza Namba ya Katriji

Boksi lake unalijua. Jepesi, lina picha ya familia inayocheka, na limeandikwa kwamba mashine moja inachapisha, inaskani na kutoa kopi. Kariakoo utalikuta limewekwa mbele ya duka kama chambo, na Luthuli Avenue kule Nairobi hali ni hiyohiyo. Mzazi mwenye watoto wawili wa shule akiona bei anajiuliza: si bora niwe na yangu kuliko kila siku kwenda steshenari? Kwa watu wengi, si bora.

Kabla hujauliza bei, uliza inatumia katriji, yaani kile kiboksi cha wino, namba ngapi. HP DeskJet 2320, ambayo ni moja ya zile za bei ya chini, inatumia namba 305. HP wenyewe wanasema 305 nyeusi inatoa kurasa kama 120 na ya rangi kama 100. Canon PIXMA MG2540S ya soko letu inatumia 445 nyeusi na 446 ya rangi, takriban kurasa 180 kila moja. Na hizo ni kurasa za kipimo cha kiwandani, zenye wino kidogo kama barua ya kuomba kazi. Ukichapisha mtihani wenye ramani iliyotiwa kivuli, au kadi ya mchango yenye maua pembeni, hata nusu ya hesabu hiyo huenda usiifikie. Katriji mbili zinazokuja ndani ya boksi usizipigie hesabu kabisa. Kwa modeli nyingi huwa na wino pungufu, na sehemu yake huliwa printa inapojiandaa mara ya kwanza.

Sasa weka bei za mtaani kwako. Mimi naweka za mfano. Tuseme katriji nyeusi halisi ni shilingi 45,000 za Tanzania. Gawa kwa 120, unapata 375 kwa ukurasa. Ongeza karatasi ya shilingi 25, inakuwa 400. Steshenari tuseme anatoza 200. Maana yake kila karatasi inayotoka nyumbani kwako imekula 200 za ziada, na bei ya mashine bado hujaigusa. Wengi hudhani wakichapisha sana ndipo itajilipa. Kwa hesabu hii, anayechapisha sana ndiye anayeumia zaidi.

Haikuwa hivi tangu zamani. DeskJet ya kwanza ilitoka mwaka 1988 ikiuzwa karibu dola 1,000 za Marekani. Leo mashine ni kama kikombe cha kahawa ya kuonja: biashara yenyewe iko kwenye wino.

Kuna hasara nyingine ambayo haiandikwi kwenye boksi: wino huisha hata usipochapisha. Katika printa hizi hedi, sehemu inayorusha wino, imo kwenye katriji yenyewe, ni kile kibati kidogo chini yake chenye matundu membamba kuliko unywele. Ukizima kwa kitufe, katriji husogea hadi pembeni na kukaa juu ya kifuniko cha mpira kinachozuia wino usikauke. Umeme ukikatika katikati ya kazi, inabaki palepale ilipo, wazi, na joto letu linafanya yake. Umeme ukirudi, washa, iache ijirudishe pembeni, kisha izime kwa kitufe. Kuzimia kwenye soketi ndiko kunakoua nyingi. Halafu chapisha ukurasa mmoja wenye rangi zote angalau mara moja kwa wiki. Asiyekuwa na kitu cha kuchapisha kila wiki, mashine hii si yake.

Ikishakauka, watu hubonyeza "safisha" kwenye kompyuta mara tano mfululizo. Kila safisha inanyonya wino na kuumwaga kwenye sponji iliyo tumboni mwa printa. Fanya mara mbili, basi. Isipokubali, itoe katriji. Kunja karatasi laini ya jikoni mara nne, iloweshe kwa maji ya uvuguvugu, iweke kwenye sahani, kisha isimamishe katriji juu yake, kibati kikiwa chini, kwa dakika mbili. Ukiinyanyua utaona alama. Ya nyeusi iache mstari mweusi uliokolea, ya rangi iache michirizi mitatu. Mchirizi mmoja ukikosekana, rudia. Futa vidoti vya shaba vya nyuma kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, na usiviguse kwa kidole, maana mafuta ya ngozi yanatosha kuifanya printa iseme katriji haitambuliki.

Kujaza wino kwa sindano ndiko kunakoifanya mashine hii ivumilike kidogo. Nunua wino unaofaa namba yako. Nyeusi ya 305 na ya 445 ni pigmenti, wino wenye chembe ndogo zinazoelea, ilhali za rangi ni rangi iliyoyeyuka. Ukivichanganya vitaganda kwenye matundu. Bandua lebo ya juu, utaona vitundu. Kwenye katriji ya rangi chomeka kijiti cha meno kipya kwenye kila kitundu uone kipi ni njano, kipi ni pinki, kipi ni bluu, wala usiamini mchoro wa jirani. Ingiza sindano taratibu mpaka katikati ya sponji, sukuma mililita 2 au 3, na wino ukianza kupanda kwenye kitundu acha na uvute kidogo. Rudisha lebo bila kuziba kila upenyo. Hewa isipoingia, wino hautashuka, na utachapisha kurasa mbili nzuri kisha mistari mitupu. Printa itakuambia katriji imetumika au imeisha. Kubali ujumbe uendelee. Kwa Canon, bonyeza kitufe cha kusimamisha kwa sekunde tano au zaidi.

Jaza kabla haijakauka kabisa. HP na Canon za aina hii hurusha wino kwa kuuchemsha na kijihita kidogo nyuma ya kila tundu, na wino huohuo ndio unaokipoza. Ukiendelea kuchapisha katriji ikiwa tupu, vijihita vinaungua, na hapo hakuna sindano itakayoiponya.

Angalia pia jina la modeli. HP yenye herufi ndogo "e" mwishoni, kama 2720e, imetengenezwa kwa mpango wa HP+. Ukishakubali mpango huo wakati wa kuiwasha mara ya kwanza, inataka intaneti na wino halisi wa HP tu. Hata zisizo na "e", sasisho la programu linaweza kukataa katriji yenye chipu ya kampuni nyingine. Ile halisi uliyoijaza mwenyewe bado ina chipu yake ya HP, kwa hiyo kwa kawaida hupita.

Na zawadi ya mjomba kutoka Ulaya? Shukuru, lakini soma namba. DeskJet 2130 ileile inatumia katriji 63 Marekani, 302 Ulaya na 123 Afrika. Canon inayotumia 445 huku, dada yake wa Ulaya anatumia 545. Umbo linafanana, printa inakataa. Utabaki unaagiza katriji kwa kila anayesafiri.

Kwa hiyo ununue nini? Kama kazi yako ni maandishi meusi, notisi, mitihani, barua, tafuta leza, printa inayotumia unga badala ya wino, ya rangi nyeusi tu, hata iliyotumika. Tona, yaani katriji ya unga, ya HP 85A, inayoingia kwenye LaserJet P1102, inatoa kurasa kama 1,600, na unga haukauki hata ukiiacha mwaka mzima. Tuseme tona isiyo halisi ni 35,000: ni kama shilingi 22 kwa ukurasa, bila karatasi. Ubaya wake ni umeme. Inapopasha moto inavuta mamia ya wati kwa mkupuo, kwa hiyo usiichomeke kwenye UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, wala inveta ndogo ya sola.

Ukitaka rangi kila siku, nenda kwenye zile za tangi, zinazojazwa wino kwa chupa. Epson L3210 na L3250 zinatumia wino namba 103. Chupa nyeusi ya mililita 65 inatoa kurasa kama 4,500. Hata chupa ikiwa 30,000, ni chini ya shilingi 7 kwa ukurasa. Bei ya mashine itakushtua mara moja tu. Ila usiibebe kwenye bodaboda ikiwa imelala ubavu, wino utamwagika ndani. Na siku itakapogoma ikisema pedi ya wino mchafu imejaa, fundi abadilishe sponji. Akirudisha hesabu ya printa kwenye sifuri kwa programu tu na kukuachia pedi ileile, wino utatokea chini na kupaka meza.

Ile ya bei chee ninaiona inamfaa anayehitaji skana zaidi ya printa, au mtu aliye mbali na steshenari anayechapisha kurasa chache kila wiki na yuko tayari kushika sindano. Huyo wa skana ajaribu kwanza kama inaskani bila wino. Mwaka 2021 Canon ilishtakiwa Marekani kwa sababu hiyohiyo, mashine kukataa kuskani katriji zikiisha.

Ukiamua leza iliyotumika, usilipe kabla ya kufanya mambo matatu. Mwambie muuzaji atoe ukurasa wa taarifa, uone imeshachapisha kurasa ngapi. Chapisha kurasa kumi mfululizo kwa karatasi yako, si yake. Kisha fungua uguse kile kigurudumu cha mpira kinachovuta karatasi: kikiwa kinang'aa na kuteleza kama sahani iliyooshwa, itavuta karatasi mbili au isivute kabisa, kwa hiyo abadilishe hapohapo au ashushe bei.