Trekta la petroli na ethanoli ya mabibo: shida haiko kwenye injini

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta, wakulima wa pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Kimbiji hadi Chanika, hurudi kwenye hesabu zao za kulima. Hivi karibuni nilikuwa Gerezani, mtaa wa spea hapa Dar, mzee mmoja mwenye shamba la mikorosho Mkuranga akitafuta spea za kabureta ya Ferguson yake ya kijivu, lile trekta dogo la petroli la enzi za mkoloni. Akamuuliza fundi: "Mwanangu, gongo si inawaka? Kwa nini nisilimie mabibo, haya matunda ya mikorosho yanayoniozea shambani?" Watu walicheka. Mimi naona swali lake ni la maana kuliko kicheko chao.

Kwa upande wa injini mzee yuko sahihi: kinachowaka kwenye gongo ni ethanoli, yaani kilevi chenyewe. Brazili ina magari ya ethanoli ya miwa tangu 1979, na ethanoli hiyo huwa na maji kidogo. Kuchemsha na kupoza mvuke urudi kuwa majimaji, hata kwa mtambo mzuri, hukoma kwenye asilimia 95 na ushei ya ethanoli, na injini inayotumia ethanoli peke yake huvumilia maji hayo. Yanaleta balaa pale unapochanganya na petroli nyingi: mchanganyiko hujitenga, maji na spiriti vikakaa chini ya tangi.

Kazi yenyewe ni ya fundi wa kabureta. Kilo moja ya petroli huungua na kilo 14.7 za hewa. Ya ethanoli inataka 9 tu. Kwa hiyo tundu la jeti, linalopitisha mafuta kwenye kabureta, lipanuliwe kipenyo kwa kama robo, mafuta yapite zaidi. Mipira ya zamani na gasketi za gome laini kama la vizibo vya chupa zibadilishwe, na filta iangaliwe mara kwa mara kwa sababu ethanoli hukomba uchafu wote wa tangi. Wabrazili waliweka kitangi cha petroli cha kuwashia asubuhi za baridi. Kwa joto letu la Dar, hilo halitusumbui.

Ila hayo yote ni ya trekta la petroli. Massey Ferguson 240, au zile Valmet zilizounganishwa Kibaha miaka ya 1980, ni za dizeli, na mashamba yetu yamejaa hizo. Dizeli huwaka kwa kugandamizwa bila cheche, na ethanoli haiwaki vizuri hivyo, tena pampu ya injekta inategemea dizeli hiyo hiyo kuilainisha. Mwenye dizeli asijaribu kabisa.

Sasa mabibo. Tunda lina uzito wa mara tano ya korosho yake au zaidi, na sukari ya juisi ni kama asilimia 10. Mkulima anayevuna tani moja ya korosho anaacha chini tani tano za mabibo, ambazo kwa hesabu yangu, akikamua na kuchachusha vizuri, zinaweza kumpa kama lita 150 za ethanoli. Lita moja na nusu ya ethanoli ndiyo sawa na lita moja ya petroli, kwa hiyo hizo ni kama lita 100 za petroli. Zinalima ekari kadhaa. Na msimu unakubali: mabibo yanaisha kuelekea mwisho wa mwaka, ethanoli ikikaa kwenye pipa lililofungwa vizuri inangoja kilimo cha kabla ya masika. Tena hakuna mlo wa mtu unaoguswa, tofauti na mihogo, ambayo nisingependa kuiona ikiingia kwenye tangi la trekta.

Ninapokwama ni jikoni. Pombe ya mabibo ina kilevi kidogo, sehemu kubwa ni maji, na mtu wa pipa na bomba atalazimika kuchemsha mara mbili au tatu. Kwa moto wa mafiga, joto kubwa linapotea hewani, kiasi kwamba nishati ya kuni alizochoma inazidi nishati ya mafuta aliyopata. Mkoa wa Pwani, ambako misitu imeshaliwa na mkaa wa jiji letu, hauna kuni za kugharimia hilo. Halafu kuna moto wenyewe: ethanoli ikiwaka mchana, mwali wake hauonekani vizuri. Mtu anaungua kabla hajajua.

Na kuna sheria. Kutengeneza pombe ya moshi bila leseni ni kosa, na askari akikuta mtambo hawezi kuonja nia ya mwenye nyumba. Nasikitika kwamba sheria inamfunga mkulima mkweli, lakini naielewa. Dumu la ethanoli ya trekta likiwa uani, kuna kijana atakayelinywa, hata kama ethanoli hiyo ilipozwa kwenye rejeta kuukuu ya gari yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Njia kubwa nayo tumeiona. Kampuni ya Sweden, SEKAB, ilikuja Bagamoyo na ndoto ya mashamba makubwa ya miwa ya ethanoli, ikajitoa 2009. Ardhi ndiyo iliyobaki ikigombewa kwa miaka.

Katikati ya pipa la uani na kampuni ya kigeni kuna AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima. Vyama hivi tayari vinakusanya korosho za wanachama ghalani. Chama kimoja kikiwa na mtambo wa safu uliofungwa, ule wa mnara unaotenga spiriti na maji bila kurudia kuchemsha, moto wake ukatoka kwenye maganda ya korosho kwenye tanuri lenye bomba la moshi, na ethanoli ikatiwa kitu cha kuifanya isinyweke kabla haijatoka getini, kingeweza kuomba leseni bila kujificha. Mzee nilimwambia atengeneze kabureta yake, alimie petroli mwaka huu, na alipeleke wazo lake kwenye mkutano wa chama kabla mabibo hayajaanza kuanguka.