Nesi, liulize swali la 9

Dodoso la PHQ-9 tunalotumia kupima sonona lina maswali 9. Manane ya mwanzo manesi wengi huyauliza vizuri tu: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kukosa raha. Wakifika la mwisho, linalouliza kama katika wiki 2 zilizopita mgonjwa amewaza kuwa heri angekufa au kujidhuru, kalamu inakimbia. Nesi anamtazama mgonjwa, anaona kavaa shati safi na kaitikia salamu, anaandika sifuri, yaani hajawaza kabisa. Kwangu mimi, sifuri isiyoulizwa ni mbaya kuliko nafasi iliyoachwa wazi. Nafasi wazi angalau humwambia wa zamu ya usiku kwamba kazi haijaisha.

Wengi husema wanaogopa kumtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Hofu hiyo imechunguzwa sana, na tafiti hazikuonyesha kwamba kuuliza kunaongeza mawazo ya kujiua. Mwenye wazo anakuja nalo kutoka nyumbani.

Kwa sisi wa Iringa kuna jambo jingine, utani. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijipiga risasi mwaka 1898 ili Wajerumani wasimpate, na hadi leo Mhehe hutaniwa kila kona ya nchi kuhusu kujinyonga. Wenyewe pia tunautumia. Watani waendelee na kazi yao huko misibani, sina ugomvi nao. Lakini mgonjwa akisema "bora nijinyonge yaishe", halafu nesi akacheka "ninyi Wahehe bwana", hatasikia tena neno la kweli kutoka kwa mtu huyo.

Sasa, unaulizaje? Ndugu watoke kwanza. Huku mgonjwa huletwa na watu wawili watatu, nao ndio wanaoongea. Wasikilize, wanajua mengi ya nyumbani, ila swali hili ni la watu wawili. Mzee wa rika la baba yako mpe shikamoo yake, au kamwene kama ndiyo salamu ya kwao, kisha kaa chini. "Baba, mambo yakimlemea mtu hivi, wengine hutamani walale wasiamke. Wewe imewahi kukufikia?" Akikubali, usikimbilie kumpa moyo wala kumsomea Biblia. Endelea: "Umewaza kujiua?" Litamke hivyo hivyo. Uliza kama amepanga, kama amewahi kujaribu, kama alichokifikiria kipo nyumbani, na nini kimemzuia mpaka leo. Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake (mtoto mdogo, mama mgonjwa) ndilo utakaloanzia kupanga naye usalama wake. Akiwa amelewa ulanzi, uliza, kisha urudie pombe ikimtoka.

Kwa mkulima wa nyanya Ilula au wa viazi Uporoto, dawa ya shamba mara nyingi iko ndani ya nyumba. Kwa hiyo tathmini haijakamilika kabla hujajua dawa inawekwa wapi na ufunguo anao nani. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, kuanzia miaka ya 1990, vifo vya kujiua vilipungua sana.

Halafu kuna sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa, ndiyo maana aliyekunywa sumu anakuambia alidhani ni dawa ya kikohozi. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Natamani na sisi tufike huko. Kwa sasa, mweleze mgonjwa mapema yapi yatabaki kati yenu na yapi utalazimika kumwambia daktari au ndugu. Usimwahidi siri kamili. Hutaweza kuitunza akikuambia kwamba amepanga iwe usiku wa leo.